Kinena Nacho ni Mwili

Wajukuu zangu, binti akiota jipu mkononi nyumba nzima inajua kabla ya magharibi. Likimtoka kinenani, hata mama yake hajui mpaka mtoto aanze kutembea upande. Nimeyaona haya nikiwa nesi mwanafunzi, nikayaona nikiwa mkunga, na hata baada ya kustaafu wasichana bado wananijia jioni, mlango wa uani, wamejifunga kanga mbili. Wanaongea kila kitu isipokuwa kilichowaleta.

Somo zenu waliwafunza vizuri mlipovunja ungo. Mlifunzwa kuhesabu siku, kujisafisha, kujisitiri. Kujitazama hamkufunzwa. Mimi aibu yangu niliimaliza wodini zamani, basi nisikilizeni.

Kinena ni ule mkunjo ambapo tumbo linakutana na paja, kulia na kushoto. Hapo pembamba wanapita wengi: mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni na ule unaoirudisha, neva, msururu wa tezi, na juu yake kidogo kano inayotoka kwenye mfuko wa uzazi na kuja kujishikiza kwenye mashavu ya uke. Ndiyo maana uvimbe wa hapo huwezi kujua ni wa nani kwa kuukisia. Na ndiyo maana naudhika nikimwona mtu mzima anabonyeza mara moja juu ya nguo na kusema, "Aa, mtoki tu huo."

Mara nyingi ni mtoki kweli, sikatai. Tezi za kinena ndizo zinazolinda mguu, makalio na sehemu za siri za nje, kwa hiyo ukichomwa mwiba, ukiwa na fangasi katikati ya vidole au ukijikata kwa wembe wakati wa kunyoa, tezi huvimba na kuuma. Kidonda kikipona nayo hunywea. Ikipita wiki tatu au nne haijanywea, au inazidi kukua, au imekuwa ngumu na haiumi hata kidogo, huo si mtoki wa mwiba tena. Lakini haya mengi mnayajua. Nataka kuwaambia yale machache, yasiyotajwa, ambayo hata baadhi ya wenye makoti meupe huyasahau.

Pwani yetu kila mtu analijua busha. Wanaume wametaniwa nalo vizazi na vizazi, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 dawa za kuzuia matende na mabusha zimekuwa zikigawiwa kijiji kwa kijiji; Zanzibar walianza mwaka 2001. Kwa hiyo watu wamejiaminisha kwamba maji na ngiri za kinena ni maradhi ya wanaume. Si hivyo. Busha la minyoo ya matende ni habari nyingine, lakini iko njia moja ambayo sote tumezaliwa nayo. Mtoto akiwa tumboni, awe wa kike au wa kiume, utando laini unaofunika matumbo kwa ndani hujitokeza na kufanya kijifuko kinachoshuka kupitia kinenani. Kwa mvulana kinatangulia korodani zinaposhuka. Kwa msichana kinafuatana na ile kano ya mfuko wa uzazi. Kawaida kijifuko hicho hujifunga karibu na kuzaliwa au ndani ya mwaka wa kwanza. Mwanaanatomia wa Uholanzi, Anton Nuck wa Leiden, alikieleza kijifuko cha wanawake mwaka 1691, na mpaka leo madaktari wanakiita kwa jina lake. Imepita miaka zaidi ya 300 na bado unaweza kukutana na mtu aliyesomea kazi hii akakwambia kwamba mwanamke hapati ngiri ya kinena.

Kijifuko kisipojifunga, utumbo unaweza kushuka humo, ikawa ngiri: uvimbe unaotokeza ukisimama, ukikohoa au ukibeba ndoo, na unaorudi ndani ukilala chali. Au maji yanakusanyika humo, ukawa uvimbe wa maji, mviringo au mrefu kidogo, hauumi, umeanzia kinenani na pengine umefika kwenye shavu la uke. Huu wa maji kwa kawaida haurudi ndani hata uusukume. Msichana anaweza kukaa nao miaka akidhani ndivyo alivyoumbwa. Altrasaundi inauonyesha vizuri, na tiba yake ni upasuaji mdogo: kijifuko kinatolewa, njia inafungwa, mambo yanaishia hapo.

Kwa mtoto mchanga wa kike kuna la zaidi, na nyinyi mnaoanza kuzaa lishikeni. Unambadilisha nepi, unaona juu ya shavu la uke kitu kigumu kinachoteleza chini ya ngozi kama punje ya kunde. Mtoto hata halii. Hicho kinaweza kuwa kifuko chake cha mayai kilichoshuka kwenye ngiri. Kwa watoto wachanga wa kike wenye ngiri ya kinena, asilimia 15 hadi 20 hivi hukutwa kifuko cha mayai ndani yake, wakati mwingine pamoja na mrija wake. Kikijisokota humo damu haifiki, nacho kinakufa, na mtoto amepoteza upande mmoja wa uzazi wake kabla hajajua kusema mama. Usikisukume mara kwa mara kujaribu kukirudisha. Usimkande, usimchue kwa mafuta ya nazi, wala usimfunge sarafu kama wanavyofanya kwenye kitovu. Na msidanganyike na hicho kitovu: ngiri ya kitovu ya mtoto mara nyingi hujifunga yenyewe anapokua, ya kinena haijifungi. Inamtaka daktari wa upasuaji, na inamtaka mapema. Uvimbe ukiwa mwekundu, mtoto analia hanyamazi au anatapika, hiyo ni safari ya saa ile ile, usisubiri baba arudi kutoka baharini.

Lipo jingine hapa, na nitalisema taratibu kwa sababu ni la heshima ya mtu. Katika kila wasichana 100 wenye ngiri za kinena, mmoja au wawili daktari anapochunguza hukuta ndani hakuna kifuko cha mayai, kuna korodani. Mara nyingi ngiri zenyewe ziko pande zote mbili. Mwili wa mtoto huyo ulianza na mpango wa kiume, lakini haupokei amri ya homoni za kiume, kwa hiyo akaumbika msichana, akazaliwa msichana, akikua matiti yanaota kama ya wenzake. Hedhi tu haiji, kwa kuwa mfuko wa uzazi hana. Kwa hiyo binti aliyefika miaka 15 au 16, kifua kimeshajaa, hajaona siku zake, na ana vivimbe kinenani au makovu ya ngiri ya utotoni pande zote, apelekwe hospitali kubwa. Zile korodani zikiachwa bila kufuatiliwa zinaweza kuleta saratani siku za mbele, ndiyo maana madaktari hutaka kumwona tena na tena. Hajalogwa, hana shetani, na mama yake hakukosa mwiko wowote akiwa mjamzito. Ukiambiwa siri hiyo na shoga yako, ife na wewe. Nimeona ukoo mmoja ukimgeuza mtoto wa watu kuwa hadithi ya harusini, na sijawasamehe.

Sasa nyinyi mlio katikati ya umri wa kuzaa. Kuna uvimbe unaofuata mwezi. Zile chembe zinazotanda ndani ya mfuko wa uzazi, zinazobomoka na kutoka na damu ya hedhi, kwa baadhi ya wanawake hukutwa mahali pengine ambako hazikutarajiwa. Mara nyingi ni ndani ya nyonga. Mara chache sana zinafuata ile kano mpaka kinenani, na zikifika huko hupenda upande wa kulia. Nyingine huota kwenye kovu la aliyezaa kwa upasuaji. Dalili yake ni tabia yake: siku zako zikikaribia uvimbe unatuna na kuuma, siku zikiisha unapungua, mwezi ujao unarudia. Ukienda kuonwa katikati ya mwezi daktari atashika kitu kidogo kisicho na maneno. Hawezi kujua kama wewe hukumwambia. Kwa hiyo tia alama kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu, miezi miwili mitatu, siku ya hedhi na siku ya maumivu, kisha mpelekee. Hilo ndilo ninalowasihi katika nasaha yangu yote: tabia za uvimbe wako unazo wewe peke yako. Unapokuja, unapoondoka, unaambatana na nini. Mashine haiyajui hayo.

Mwanamke mwenye uvimbe huo unaofuata mwezi ndiye mnayemwambia ana chango. Anapewa mizizi ya kuchemsha, anakunywa chupa mpaka ya tatu, mwaka unaisha.

Mjamzito naye ana lake. Mimba inapokua, vena zinazofuatana na kano ile zinaweza kutuna, akaona uvimbe laini kinenani unaoongezeka akisimama na kupungua akilala. Ukiutazama unafanana kabisa na ngiri. Wapo waliopasuliwa kwa kudhaniwa ngiri, daktari akakuta fungu la mishipa ya damu. Altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu ndiyo inayotofautisha, na ikishajulikana mama anaachwa ajifungue kwa amani; baada ya uzazi mishipa hunywea yenyewe. Na kwa kuwa tuko kwenye uzazi, niwape kioja: mstari wa maziwa kwa binadamu akiwa tumboni huanzia kwapani ukashuka hadi kinenani, na wachache huachiwa kipande cha titi njiani. Mama anajifungua, maziwa yanaingia, na kitu kinavimba mahali ambapo hakuna aliyetegemea titi. Hutokea kwapani zaidi, huku chini ni nadra mno.

Hili linalofuata si lenu bado, ni la mama na bibi zenu. Nakumbuka mzee mmoja aliyeletwa wodini akiwa siku ya tatu anatapika. Tumbo limejaa, choo hapati, hata upepo hautoki. Huko alikotoka alishapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi. Nilikuwa nambadilisha shuka. Nikafunua kanga, na chini ya mkunjo wa kinena, upande wa ndani wa paja la kulia, palikuwa na kivimbe kigumu kisichozidi ncha ya kidole gumba. Nilipokigusa alinikamata mkono. Utumbo ulikuwa umenasa humo. Alipasuliwa usiku ule, kipande kilichokwisha kufa kikakatwa, ukaungwa, akapona. Nilimuuliza kilianza lini, akasema tangu kitinda mimba wake anaanza shule. Kitinda mimba mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, ana ndevu zake.

Hiyo ni ngiri ya paja. Inapita chini ya mkunjo, si juu, kwenye tundu jembamba pembeni mwa mshipa mkubwa wa damu. Wanawake huipata kuliko wanaume, hasa waliozaa na walioanza kuzeeka, na kwa kuwa tundu ni jembamba utumbo unanasa kwa urahisi kuliko kwenye ngiri nyingine. Wengi hugunduliwa siku hiyo ya kunasa. Kwa mwanamke mnene kivimbe kinaweza kujificha kabisa kwenye nyama. Basi mama yako akitapika, tumbo linajaa na haja haipati, usione haya kumwambia daktari, "Tafadhali mtazame na kinenani."

Nirudi kwenye tezi, kwa sababu huko nako kuna mageni. Mitoki ya magonjwa ya zinaa si migeni: kaswende, pangusa na ndugu zao. Kidonda cha kaswende hakiumi na kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani asikione, tezi ikawa ndiyo ishara pekee. Nenda upimwe damu, na mwenzio atibiwe pamoja nawe, mengine mtayamaliza nyumbani. VVU na kifua kikuu navyo huvimbisha tezi. Tena TB ya uti wa mgongo ina ujanja wake: usaha unatoka kwenye pingili za mgongo, unateremka kufuata msuli wa kiuno mpaka unajitokeza kinenani, uvimbe usio na joto wala wekundu. Mwenyewe analalamika mgongo miezi, anatembea ameinama kidogo. Akijitokeza fundi wa wembe akautumbua, hubaki kidonda kinachotiririka hakifungi, na ugonjwa wenyewe uko mgongoni unaendelea kula mfupa.

Wenzetu wa milimani Lushoto wana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1980 tauni ilizuka kwenye milima ya Usambara, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, na wanawake na watoto ndio waliougua zaidi. Kiroboto wa panya huuma miguu, na mtoki unatokeza kinenani pamoja na homa kali ya ghafla, unauma hata nguo haigusi. Tauni bado iko Ituri kule Kongo, na Madagaska. Inatibika kwa dawa za kawaida za hospitali kama ikiwahiwa, ikicheleweshwa inaua ndani ya siku chache. Ukiona panya wanakufa ovyo nyumbani na mtu ana homa na mtoki, usikae kuuliza jirani.

Saratani nayo. Inaweza kuanzia kwenye tezi zenyewe, au ikaja kutoka kwenye mashavu ya uke, njia ya haja kubwa, au mguuni. Watu weusi tunaambiwa saratani ya ngozi si yetu, na ya jua kweli si yetu sana, lakini ile iitwayo melanoma hutupata kwenye unyayo na chini ya kucha, mahali ambapo hata jua halifiki. Ndiyo iliyomwanzia Bob Marley kidoleni, ikamwua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Baka jeusi kwenye unyayo linalopanuka, na tezi ngumu kinenani isiyouma: hayo mawili yakikutana usingoje. Kwa tezi ya namna hiyo daktari akitaka kuchukua kinyama kipelekwe maabara, mkubalie. Maneno ya mtaani kwamba saratani ikiguswa na sindano inakasirika yamewachelewesha wengi.

Wengine wenu mna majipu ya kinena na kwapa yasiyokwisha, yanapona hapa yanatoboka pale, yanaacha makovu na vijitundu. Mmeambiwa ni uchafu. Si uchafu. Ni ugonjwa wa ngozi wenye jina lake hospitali, na daktari wa ngozi anaujua. Acheni kuyakamua.

Kuhusu kukamua kwenyewe: uvimbe wowote wa kinena usioujua usiutumbue, usiuchanjie chale, usiukande kwa maji ya moto. Ndani yake panaweza kuwa na utumbo, au kifuko cha mayai, au mshipa wa damu. Uvimbe unaodunda pamoja na moyo ukiutia wembe, hutafika hata barabarani. Mabango ya "natibu ngiri, chango, na mapenzi" yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme mnayasoma kila siku. Mtu anayetibu ngiri na mapenzi kwa dawa moja mwacheni na nguzo yake.

Usiku mkioga, taa ikiwa inawaka, simama mbele ya kioo. Tazama pande zote mbili. Kohoa, uone kama kuna kinachotokeza. Lala chali, uone kama kinaondoka. Pitisha vidole juu ya mkunjo, kisha chini yake. Tazama na nyayo. Ukienda kuonwa, mwombe anayekupima akuone ukiwa umesimama pia, kwa maana ngiri nyingi hulala zenyewe mgonjwa akilala. Aliye zamu akiwa mwanamume, una haki ya kuomba nesi wa kike awepo chumbani, na hakuna atakayekushangaa. Msichana mdogo aingie na mama au shangazi, lakini kuna swali atakaloulizwa ambalo hataweza kulijibu mbele ya mama. Mama akiombwa atoke kidogo, atoke.

Najua kinachowazuia ni kisu. Mmesikia kwamba ukipasuliwa kinena unaondolewa kizazi. Ngiri ya kinena inatengenezwa huku juu, mfuko wa uzazi hauondolewi, na waliotengenezwa wamezaa baada ya hapo, nimewazalisha mwenyewe. Mtoto mwenye afya njema mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwanamke mtu mzima atatakiwa wiki kadhaa asibebe mzigo mzito, asichote maji, asitwange. Na hilo la maji mama wakwe zenu nitawaambia mimi.